Mgongo wa Mologadi

Mtu akikuuliza habari za Mologadi Phasha, usijisumbue kumweleza sura yake. Sura yake ni ya mama yeyote wa Sekhukhune, Afrika Kusini, aliyepigwa na jua miaka hamsini na minne. Mwambie atafute mgongo. Aende zahanati ya Ga-Marobele, azunguke nyuma kwenye kamba za kuanikia, na akimkuta mwanamke amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mboga ya morogo au anakamua matambara ya kupigia deki, na nyuma ya mgongo wake mtoto anagonga mawe huku akinong'ona, basi huyo ndiye. Ila asimsalimie. Mologadi akiwa amekaa hivyo, hata Sista mkuu wa zahanati hupita kwa ncha za vidole.

Kazi yake kwenye karatasi ni usafi. Aliianza mwaka ambao ukuta wa zahanati ulipakwa rangi kwa mara ya kwanza, na tangu hapo umepakwa mara tatu. Hana cheti cha kitu chochote, ukiacha cha ubatizo. Ana ufagio wa nyasi anaousuka mwenyewe, na kwa ufagio huo kila alfajiri huuchora ua mzima kwa nusu duara zinazofuatana, safu juu ya safu, hata wanawake wanaokuja kliniki husimama getini na kumtania.

"Mologadi, tupite wapi sasa? Mbona umetufumia mkeka?"

"Piteni juu, kama malaika."

"Malaika gani wana presha?"

"Ndio maana wako hapa."

Huyo ndiye Mologadi wa mbele, wa maneno na kicheko. Wa mgongo ni mwingine, na huo mgongo aliurithi.

Alipokuwa na miaka minane baba yake alikuwa mgodini Gauteng, mtu wa kurudi Krismasi, na si kila Krismasi. Mologadi alicheza masekitlana kama wasichana wote wa huko. Unakaa chini, unaokota mawe, kila jiwe ni mtu. Moja unalishika kiganjani na kuyagonga yale mengine huku ukisimulia mambo yao: hili lilisema hivi, lile likajibu vile, ko, ko, ko. Huchezi na mtu, wala hutaji jina la mtu. Jiwe halina masikio, ndiyo maana huambiwa kila kitu. Karibu yake mama yake alikuwa akichuchumaa motoni, anasonga uji, amempa mgongo. Mologadi aliamini kwamba mama hasikii.

Siku moja aligonga mawe akasema jiwe dogo halili, kwa sababu kigoda cha jiwe kubwa kinakaliwa na wageni. Jioni ile kigoda cha baba kilitundikwa ukutani. Hakuna aliyekikalia tena mpaka mwenyewe aliporudi. Mama hakusema neno. Mologadi alikuwa na miaka ishirini na mitano, yeye mwenyewe amebeba mtoto, ndipo alipoelewa kwamba ule mgongo ulikuwa na masikio.

Sasa, kila Jumatano huja zahanati hapo binti mmoja kutoka Polokwane, Nkhensani, Mtsonga wa Giyani, mwembamba, mwenye gari dogo na sanduku kubwa. Kazi yake ni kuwasaidia watoto waseme kwa mchezo yale ambayo midomo yao haiwezi kuyasema. Ndani ya sanduku mna mchanga, wanasesere, wanyama wa plastiki, na vikaragosi vya kuvaa vidoleni. Mologadi alilipenda sanduku lile. Siku ya Jumatano chumba cha Nkhensani alikipiga deki mwisho, apate kuchungulia. Aliona mtoto aliyeungua moto akimfunga bandeji mwanasesere, akamfunga, akamfunga, mpaka bandeji za zahanati zikapungua na Sista akanung'unika. Aliona kwamba yule binti hakumzuia. "Huyu amelelewa," alijisemea Mologadi, na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Lakini sanduku lilishindwa na Pheladi.

Pheladi alikuwa na miaka saba, na tangu majira ya baridi hakuwa amemwambia mtu neno hata moja. Mama yake, Ramasela, alikufa asubuhi moja kwenye barabara ya lami, akisukuma toroli lenye madumu ya maji. Lori la madini lilimgonga. Mtoto hakuambiwa. Kwao mtoto haambiwi kifo. Siku ya mazishi aliondolewa nyumbani, akapelekwa kwa jirani, na aliporudishwa jioni ua ulikuwa umefagiwa, vyungu vikubwa vimerudi kwa wenyewe, na mama hayupo. Akaambiwa yuko Gauteng, amepata kazi.

Mologadi aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yule jirani alikuwa yeye. Ni yeye aliyemshika mtoto mkono, akamkaangia magwinya, yale maandazi makubwa ya duara, akamketisha mezani. Pheladi aliuliza, "Mama yuko wapi?" Mologadi akajibu kama wengine walivyokubaliana. "Gauteng, mama. Kula." Mtoto alimwangalia kwa muda mrefu, andazi mkononi. Hilo lilikuwa swali la mwisho Pheladi kumuuliza mtu.

Miezi saba ilipita. Mwalimu mkuu, mtu mwenye watoto sitini darasani na huruma isiyo na muda, alimtafutia nafasi katika shule ya bweni ya watoto wasiosikia na wasiosema, mwendo wa saa tatu kwa basi. Muhula mpya ukianza, aende. Barua ilikuwa tayari, imebaki sahihi ya Nkhensani. Nkhensani alimpima masikio akayakuta mazima. Akaomba Jumatano tatu.

Bibi yake mtoto, Koko Mokgaetji, aliletewa habari hizo akiwa kwenye foleni ya vidonge vya presha. Alisema mbele ya foleni nzima, "Mmoja nimemzika. Huyu mliyenibakishia naye mnampakia kwenye basi?"

Jumatano ya kwanza Pheladi aliwapanga wanasesere kwa urefu, akawafunika kitambaa, akakaa anautazama mlango. Jumatano ya pili alifanya vivyo hivyo, ila hakuwafunika. Nkhensani aliandika kitu kwenye daftari lake, akakifuta.

Jumatano hiyo hiyo ya pili, saa sita mchana, Koko alirudi kwenye foleni yake na Pheladi akaachwa nje, nyuma, kwenye kamba. Mologadi alikuwa akianika matambara. Alisikia, ko. Akadhani ni kigingi cha kamba. Akasikia tena, ko, ko, na chini ya hiyo sauti ya mawe sauti nyingine, kavu, yenye kutu, kama mlango wa ghala uliokaa mwaka mzima bila kufunguliwa.

Hakugeuka. Alichukua ndoo, akaipindua taratibu, akakaa, akaupa mgongo kazi yake.

"Hawa wanakaa hapa," ilisema ile sauti. Ko. "Hili kubwa limeamka. Limewasha moto. Linaliambia dogo, maji yameisha." Ko. "Dogo linachora chini. Linaambiwa tena." Ko, ko. "Dogo linasema…"

"Pheladi!" Koko aliita kutoka mbele. "Twende, jua kali."

Mawe yakanyamaza. Nyayo ndogo zikaondoka. Mologadi alihesabu mpaka ishirini ndipo akageuka. Mawe saba, chini ya nguzo ya kamba. Kubwa limekaa mbali na mengine, dogo linalitazama.

Alikwenda mbio mpaka kwenye gari, akamkuta Nkhensani anapakia sanduku.

"Mwanangu, anaongea."

"Nani, Mama?"

"Pheladi. Anaongea na mawe."

Nkhensani aliliweka sanduku chini, juu ya mguu wake mwenyewe, wala hakusikia maumivu. "Amesema nini?"

"Sijui. Hajamaliza."

"Ulimwona mdomo ukitembea? Una hakika si mtoto mwingine?"

"Nimempa mgongo, nitamwonaje?"

"Mama Mologadi! Mbona hukugeuka?"

"Ningegeuka ningepata nini? Ningepata mtoto bubu na mawe saba."

Nkhensani alifikiri. "Jumatano ijayo naweza kuficha simu chini ya ndoo. Inarekodi kila kitu."

"Na wewe ukienda chooni, nikufichie simu?"

"Mama!"

"Ndivyo ilivyo. Mtu anaongea na mawe yake, wewe unamwekea simu."

Binti alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Basi nifanye nini? Ijayo ndiyo ya mwisho. Nisipokuwa na neno la kumwandikia mwalimu mkuu, lazima nitie sahihi."

Mologadi alimtazama viatu. "Uje na viatu visivyolia. Na ujue kuchambua morogo."

"Mimi ni Mtsonga, Mama. Nimezaliwa nachambua."

"Tutaona. Watsonga huwa mnaacha mashina."

Wiki ile Mologadi aliyalinda mawe saba kama mtu anayelinda mayai. Aliyafunikia beseni lake la bluu. Mtu alipotaka kuanika karibu, alimfukuza. Sista alipouliza beseni lile linafunika nini, aliambiwa ni dawa, na hakuuliza tena, maana kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kwamba Mologadi hadanganyi ila kwa sababu.

Jumatano ya tatu aliamka kabla ya jogoo. Leo ni siku ya wageni, aliwaza. Mwenye kutembelewa huufagia ua. Mgeni akikuta ua haujafagiwa, umemwambia arudi alikotoka. Alilifunua beseni akaenda kulisuuza, maana morogo ya mgeni haiwekwi kwenye chombo chenye vumbi. Aliporudi akashika ufagio. Alifagia mbele, akafagia kando, akazunguka nyuma. Kichwani alikuwa akipanga maneno: nimwambie Nkhensani akae upande gani, nimpe Koko kiti gani. Mikono ndiyo iliyofagia. Mikono ilikuwa na mazoea ya miaka yote hiyo na haikuwa na habari ya kitu kingine. Ilichora nusu duara zake, safu juu ya safu, nzuri kuliko siku zote, mpaka kwenye nguzo ya kamba, ikapita, ikaendelea. Taka ikazolewa, ikatupwa kwenye lundo la majivu nyuma ya uzio.

Saa tatu Pheladi alikuja peke yake hadi nyuma. Koko alikuwa foleni. Nkhensani alikuwa amekwishakaa juu ya ndoo, miguu mitupu, viatu kaviacha garini, fungu la morogo mapajani. Mologadi alikuwa wima. Ndiyo sababu aliona.

Mtoto alisimama mbele ya nguzo. Alitazama chini, kwenye zile nusu duara safi. Hakulia. Uso wake ulifanya kitu ambacho Mologadi alikuwa amekiona mara moja tu, mezani kwake, mbele ya sahani ya magwinya. Ulijifunga. Kisha Pheladi akageukia uzio, akabaki hivyo.

"Nini?" Nkhensani alinong'ona. "Kuna nini?"

Mologadi aliutazama ufagio ulioegemea ukuta. "Nimeyafagia," alisema. "Mawe yake. Nimeyafagia mwenyewe."

Nkhensani alifumba macho. Barua ilikuwa mkobani mwake. Wote wawili walijua.

Na hapo ulimi wa Mologadi ukaleta maneno yake, mepesi, matamu, yakiwa tayari. Mwambie mawe yametembea. Mwambie yamekwenda kwa wenzao, yatarudi. Mtoto ni mtoto. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, na alipoyaonja aliijua ladha yake. Ilikuwa ladha ya ile siku. Gauteng, mama. Kula.

Aliyameza. Alitembea hadi kwenye uzio, akapiga magoti vumbini mbele ya mtoto wa miaka saba, mikono imekutanishwa, kama anayemsalimu mkubwa wake. Watu waliokuwa kwenye foleni ya kona ile waligeuka. Ga-Marobele mtoto humpigia mtu mzima magoti. Kinyume chake hakuna aliyewahi kukiona.

"Pheladi," alisema. "Ni mimi. Mawe yako nimeyafagia mimi, kwa ufagio ule pale. Hayakuondoka yenyewe, wala hayakukukasirikia. Nimeyatupa kwenye majivu. Nimekukosea."

Mtoto hakugeuza kichwa.

Mologadi aliinuka, akazunguka uzio, akaingia kwenye lundo. Alichakura kwa mikono mitupu, majivu yakimpanda hadi viwikoni, majani, vifuniko, maganda ya vidonge. Kila jiwe alilolipata alilitia kwenye aproni. Alirudi nayo kumi na matano, maana hakujua lipi ni lipi. Akapiga magoti tena. Akatoa moja kubwa.

"Hili?"

Kimya.

Akatoa la pili. Kimya. Akatoa la tatu, lenye rangi ya kunde, akalifuta kwa kanga ya kichwani.

"Siyo hilo."

Nkhensani alijiziba mdomo kwa mkono uliojaa morogo.

"Lile lina mkanda," ilisema ile sauti yenye kutu, ikimwambia Mologadi, mtu, siyo jiwe.

Mologadi hakupiga kigelegele, ingawa kilikuwa kooni. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. "Mkanda mwekundu au mweupe?"

"Mweupe."

"Macho yangu ya kizee haya. Njoo basi unionyeshe."

Wakaingia majivuni wawili. Pheladi ndiye aliyeliona: jiwe jeusi, laini, lenye mstari mweupe katikati kama mtu aliyejifunga mkanda wa kazi. Ramasela alipenda kujifunga kanga yake nyeupe kiunoni akienda bombani. Mologadi alilikumbuka hilo na hakusema.

Kisha ndoo mbili, migongo miwili. Beseni la bluu katikati. Nyuma yao mawe yakapangwa upya, polepole sana, hata Nkhensani akaacha kuchambua. Mologadi alimgusa goti: endelea.

Ko.

"Kubwa linasema maji yameisha. Dogo linasema, sitaki. Nenda mwenyewe."

Ko.

"Kubwa limechukua toroli. Limeenda lenyewe."

Ko, ko, ko, ko. Mawe yaligongwa kwa muda bila neno, na Mologadi alisikia kwamba mkono ulikuwa ukigonga kwa nguvu zaidi kuliko unavyopaswa kugonga mkono wa mtoto.

"Halikurudi. Dogo limekaa mlangoni. Linasema, lete dumu, nitaenda mimi. Halijibiwi. Linasema, nitaenda, nitaenda. Halijibiwi. Basi dogo limefunga mdomo." Ko. "Mdomo ndio uliolituma kubwa."

Machozi ya Nkhensani yalidondokea kwenye mboga. Mologadi aliendelea kuvunja mashina, moja, moja. Ndipo aliposikia mtu akivuta pumzi kwenye kona ya ukuta. Koko Mokgaetji alikuwa amesimama pale, pakiti ya vidonge mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Mologadi alimshika mkono akampeleka nyuma ya tenki la maji. Nkhensani akafuata.

"Anajua ni yeye," Koko alisema. "Anadhani ni yeye aliyemtuma akafe."

"Koko," Nkhensani alianza, kwa sauti yake ya kazini, "mtoto asipopewa ukweli, hujitungia wake, na mara nyingi…"

"Wewe binti, na sanduku lako la vikaragosi, usinifundishe. Mtoto haambiwi kifo! Mimi nilipofiwa na mama sikuambiwa. Mama yangu naye hakuambiwa. Tumekufa?"

Nkhensani alirudi nyuma hatua moja.

"Motau," Mologadi alisema. Alimwita kwa jina la simba, mnyama wa ukoo wao, kama anavyoitwa mtu anapoombwa jambo zito. "Hatukumficha kifo tu. Tulimpa uongo. Mimi ndiye niliyemtilia mdomoni, pamoja na andazi. Akautema. Akaenda kutafuta mwenyewe, na alichokipata ni kibaya kuliko kile tulichoficha."

"Kinywa changu hakiwezi, Mologadi. Nitamtazamaje, nimwambie?"

"Nani amesema kwa kinywa? Ulipokuwa msichana hukucheza masekitlana?"

Koko alimtazama kama aliyetukanwa. "Nani hakucheza?"

"Basi."

Kikongwe aliweka vidonge ndani ya gauni, kifuani. Kisha akaenda, mkono ukifuata ukuta, hadi kwenye nguzo ya kamba, akashuka chini kwa shida, goti moja, goti la pili, kila moja likilia. Pheladi alimwangalia. Koko alichagua jiwe moja kati ya yale yaliyobaki kwenye aproni ya Mologadi, iliyoachwa pale chini, la kijivu, lililochakaa upande mmoja.

Mologadi na Nkhensani walirudi kwenye ndoo zao. Migongo.

"Hili," Koko alisema, "ni lizee. Ndilo lililolizaa kubwa." Ko. "Ni lioga sana."

Nyuma yao jiwe lilisogezwa vumbini.

"Siku ile kubwa lilikwenda kuchota maji. Lilijaza madumu yote. Likasukuma toroli kurudi. Pale kwenye lami lori likalipiga." Ko. Sauti ilikatika, ikaunganishwa. "Likafa pale pale. Halikwenda Gauteng. Halina kazi huko. Lizee ndilo lililosema Gauteng, kwa woga wake. Kubwa limezikwa kule juu, kwenye makaburi yetu, chini ya mlima. Watu wote walikuja."

Mbele ya zahanati mtu alipiga chafya, mwingine akaitwa jina. Kisha, polepole, ko.

"Lilikasirika?"

"Nani?"

"Kubwa. Dogo lilikataa kwenda."

Koko alivuta pumzi. "Sikiliza. Likienda bombani lilipita mlangoni kwa lizee. Lilikuwa linacheka. Lilisema, wangu leo ameamka malkia, hataki kuguswa, anachora tu. Likacheka. Likaomba kipande cha sabuni, likapewa, likaenda linaimba. Mama hukataliwa mara kumi kwa siku, na mara kumi anapika. Halikukasirika. Lizee lilikuwepo. Liliona kwa macho."

Ndipo Pheladi alipolia. Kilio kilikuwa cha miezi saba na kilitoka kwa mkupuo, kikubwa kuliko mtoto mwenyewe, hata Sista akatoa kichwa dirishani. Alimwona Mologadi ameinua kiganja bila kugeuka: acha. Akafunga dirisha.

Baadaye Nkhensani, macho mekundu, alimuuliza, "Mama, hata alipolia hukutaka kumwona?"

"Alikuwa na bibi yake. Kilio nacho kina haya." Kisha akachungulia beseni, akapekua. "Nilikuambia. Umeacha mashina."

Barua ile haikutiwa sahihi. Nkhensani alimwandikia mwalimu mkuu mistari minne: mtoto anasikia, anasema, ana msiba, naomba asubiriwe. Jumamosi Koko alimpeleka Pheladi makaburini. Mologadi aliwaona wakipita mbele ya nyumba yake. Koko alitaka kumpokea mtoto dumu dogo la maji alilokuwa amebeba, akakataliwa kwa neno moja lililosikika mpaka barabarani. Pheladi alilibeba mwenyewe hadi juu, akalimimina lote kichwani pa kaburi la mama yake. Sasa asubuhi anaitikia jina lake shuleni. Sauti bado ni ndogo, na zipo siku haitoki. Mwalimu mkuu amejifunza kungoja.

Nkhensani alirudi Jumatano moja na ndoo ya mawe, ameyaosha, ameyapanga kwa ukubwa, ayatie kwenye sanduku lake. Mologadi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mawe ya mjini! Mwanangu, mtoto haletewi mawe. Anaokota mwenyewe, ajue lipi ni nani." Nkhensani akayamwaga hapo hapo nyuma ya zahanati, chini ya kamba, na watoto wameyachanganya na ya kwao. Siku hizi akina mama huja kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto na watoto wao walionyamaza, au wanaopigana, au wanaokojoa kitandani wakiwa wakubwa. Hawaulizi chumba. Wanauliza kamba za nguo ziko wapi. Karatasi ya kazi ya Mologadi bado imeandikwa usafi, na yeye anasema imeandikwa sawasawa.

Ua anaufagia kila alfajiri kama zamani, nusu duara juu ya nusu duara. Ila sasa hutembea na ufagio huku akitazama chini, na anapofika nyuma, ufagio hupinda. Katikati ya mkeka ule mzuri hubaki visiwa vya vumbi, viwili, vitatu, kila kimoja na mawe yake.

Wakaguzi walipokuja mwezi uliopita Sista alimfuata kwa kunong'ona. "Mologadi, leo tu, nakuomba. Mbona umeacha uchafu pale?"

"Si uchafu, Sista," alisema, akiendelea kufagia pembeni. "Kuna mtu hajamaliza."